Sauti Iliyobaki Ndani ya Simu ya Jephté

Charline alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari ya Keshero, mjini Goma, na kuhusu kompyuta alijua kuiwasha na kuandika pointi za wanafunzi, basi. Kwa hiyo alipomwambia dada yake Jeanine kwamba anatafuta chuo cha kusomea masta ya uchunguzi wa simu na kompyuta, Jeanine alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Weye? Weye mwenye ulinipigia juzi kuniuliza vile banawasha imprimante ya kuchapa karatasi?"

Charline hakucheka. Alingoja dada yake amalize, akafuta machozi yake mwenyewe ambayo hayakuwa ya kicheko, na Jeanine akanyamaza. Alikuwa amekumbuka ile simu ya marehemu shemeji yake.

Jephté, mume wa Charline, alikuwa dereva wa lori la maharagwe kwenye barabara ya Sake. Vita vilipoifikia barabara, aliliacha lori na kukimbia kwa miguu pamoja na fundi wake, muzee Ntirenganya. Katikati ya njia akakumbuka karatasi za lori. Mwenye akili angeziacha, lakini dereva bila karatasi hujiona kama mtu asiye na jina, na Jephté akarudi kuzifuata. Hakuonekana tena akiwa hai. Watu wa Sake walimzika huko huko, na baadaye padri akaenda kumsomea misa. Kilichofika Goma ni simu yake tu, kioo kimepasuka, ambayo muzee Ntirenganya aliificha ndani ya soksi hadi kambi ya Mugunga.

"Mbele ya kurudi kule nyuma, alisema ndani ya simu," muzee alimweleza Charline. "Rezo haikukuwa, lakini alisema tu, murefu, anakuita jina lako. Kisha akanipa: shika, ikipata rezo itaenda yenyewe."

Haikwenda. Betri iliisha kabla ya mtandao kurudi, na ilipochajiwa Goma, simu ikadai kode ambayo Jephté hakuwahi kumwambia mtu. Charline alijaribu siku ya ndoa yao, siku ya kuzaliwa, namba ya lori. Simu ikakasirika, ikamwambia angoje. Akaogopa kuigusa tena.

Jephté hakuwa mtu wa kuandika. Alirekodi sauti, ndefu, motari ikinguruma nyuma yake, na ndani yake kulikuwa na kila kitu: tope la njiani, bei ya maharagwe, usisahau dawa ya mgongo ya mama. Zile za zamani Charline alikuwa nazo kwenye simu yake na alizijua kwa moyo, mpaka mahali anapokohoa. Lakini hakutaka za zamani. Alitaka hiyo moja ambayo hakuwahi kuisikia. Aliitaka asubuhi akipiga mswaki, aliitaka darasani katikati ya somo, na wanafunzi walikuwa wameshazoea kumwona akisimama na chaki mkononi bila kusema kitu.

Alikuwa ameipeleka mtaa wa Birere, kwa vijana wanaotengeneza simu chini ya miavuli. Mmoja aliigeuza geuza, akamuuliza swali la haki kabisa.

"Mama, unataka simu, ao unataka yenye iko ndani? Simu naweza kukufungulia sasa hivi, lakini itatoka tupu, mupya kabisa. Yenye iko ndani, hapana. Ile kuko batu banaisomea."

Charline akawatafuta hao watu wanaoisomea. Aliwaandikia wawili watatu. Wanafanya kazi na mahakama na polisi, tena mbali, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufungua simu ya dereva wa maharagwe kwa ajili ya sauti moja ya mjane. Ndipo wazo likamjia, wazo la kichaa kidogo, na likakataa kuondoka: kama hawaji, nitakuwa mmoja wao.

Kuchagua chuo kulimtoa jasho. Cha kwanza kilikuwa na jina kubwa, lakini kilitaka lisansi ya informatike, yaani shahada ya kompyuta. Charline aliusoma mstari huo mara nyingi kana kwamba ungeona haya na kubadilika. Cha pili kilipokea wanasheria, na masomo yake yote yalihusu wezi wa benki na mitandao ya makampuni. Cha tatu hakikujulikana na mtu yeyote aliyemuuliza. Kilifundisha kwa mtandao, kwa Kifaransa, kilipokea mwenye lisansi yoyote mradi afaulu kwanza muhula wa maandalizi, na katika orodha ya masomo kulikuwa na moja lenye neno alilolitafuta: simu. Jeanine alimsihi achukue cha pili, chenye kazi mbele yake. Charline akachukua cha tatu. Hakutaka kazi. Alitaka kusikia.

Aliyemhoji kwa video alikuwa profesa Mushagalusa, mtu wa Bukavu aliyehamia Ulaya miaka mingi iliyopita. Aliitazama karatasi yake kwa mashaka ya wazi, akamuuliza kwa Kifaransa amchukue kwa sababu gani, ikiwa hana msingi wowote.

"Mimi nafundisha historia," Charline alimjibu. "Kazi yangu ni kuuliza: hii imeandikwa na nani, lini, imepita mikononi mwa nani, na nani alikuwa na sababu ya kuibadilisha. Nilidhani na ninyi mnauliza hayo hayo."

Profesa akaiacha lugha ya kazi, akahamia Kiswahili cha kwao.

"Njo ile tunauliza, mama. Kompyuta tutakufundisha. Sasa niambie kweli, juu ya nini unataka hii?"

Akamwambia. Profesa hakumpa maneno matamu. Alisema kuna simu zinazofunguka na kuna zisizofunguka, na kwamba hawezi kumwahidi. Charline alisikia yote mawili, lakini aliondoka na lile la kwanza tu.

Muhula wa maandalizi ulianza. Aliteseka nao, kuna jioni alilia juu ya zoezi ambalo mtoto wa informatike angelifanya huku anakula. Sheria moja, hata hivyo, aliielewa bila kufundishwa: kitu cha uchunguzi kinabaki vilevile kilivyokutwa. Hukisafishi, hukitengenezi. Unatoa nakala, na nakala ndiyo unayoichokonoa.

Sasa, katika familia ya Jephté, watu wa Butembo, desturi ilisema kinyume chake. Matanga yakimalizika, miezi mingi baada ya mazishi, vitu vya marehemu hugawiwa, na hakuna kitu kinachopita kwenye mkono mwingine kama alivyokiacha. Nguo zinafuliwa na kupigwa pasi, viatu vinashonwa, saa inawekewa betri. Kumpa mtu kitu kibovu cha marehemu ni kumpa huzuni yake. Na vitu vyote vinapaswa kuletwa mbele ya wajomba. Anayeficha kimoja anahesabiwa kuwa amemwibia aliyekufa.

Kwa hiyo, juma la kumaliza matanga, Charline alimkabidhi kila kitu mama mkwe wake, Marcelline, ambaye waliishi nyumba moja, na simu juu yake.

"Hii iwe yangu, mama," alisema.

"Itakuwa ya nani mwingine?"

Hakueleza zaidi. Habari ya ile sauti hakuwahi kumwambia. Mama Marcelline ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupata usingizi, na Charline hakutaka kumpa tumaini ambalo yeye mwenyewe alikuwa analishika kwa kucha. Na masomo aliyaita tu "mambo ya ordinateri", ya kompyuta basi, kwa sababu alijua mama anahofia kwamba mkwe aliyesoma sana huolewa kwingine.

Siku ikafika. Misa ilisomwa asubuhi, wakala fufu na samaki wadogo wa sambaza, pombe ya kasiksi ikazunguka. Koti lilikwenda kwa Kambale, mdogo wa Jephté, viatu kwa mjomba. Kisha mama Marcelline akainuka mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na kitu alichokifunga kwenye kitenge kipya. Akamwekea Charline mikononi.

Kioo kilikuwa kizima. Mama akabonyeza pembeni na simu ikawaka, bila kode, bila kuuliza kitu, ikaonyesha picha ya mlima wa buluu usiokuwa wa mahali popote.

"Ilikuwa inakataa kufunguka," mama aliwaambia wajomba, uso unang'aa. "Nilikuwa namuona mutoto huyu anaishika, analia. Nikasema hapana, Charline hatapewa kitu ya kuvunjika. Niliipeleka Birere miye mwenyewe, na huu mugongo wangu."

Watu wakapiga makofi. Charline akasema asante, mama. Alisikia sauti yake ikisema hivyo kutoka mbali. Kwa muda mfupi alimchukia yule mama, alimchukia kwa moyo wote, kisha akajichukia yeye mwenyewe zaidi, kwa sababu sentensi moja tu ingetosha na hakuisema. Akakaa, akaishika simu mapajani, na kila aliyepita akampongeza.

Wageni walipotawanyika, mama Marcelline alikuja kuketi karibu naye, akajisogeza mpaka mabega yakagusana.

"Sasa fungua, nionyeshe mutoto wangu. Zile sauti ziko kwa simu yako nilisha kuzijua zote. Nitafutie ingine. Hata kama anatukana barabara, nataka ingine."

Ndipo Charline akaona kwamba kwa muda wote huo walikuwa wawili wakitaka kitu kimoja, chini ya paa moja, kila mmoja akimficha mwenzake kwa huruma.

"Haiko tena ndani, mama," alisema. "Juu ifunguke, bafundi bametosha yote, bamefuta. Kulikuwa ingine. Ya mwisho. Alinisemea mbele ya kurudi kule nyuma."

Mama aliitazama simu. Akajitenga na bega la Charline, mkono wake ukashika pindo la kitenge.

"Ni miye niliitosha?"

"Ni miye sikukuambia."

Uani Kambale alikuwa anapanga viti vya kukodi, ndani ya koti la kaka yake.

"Lakini ilienda wapi?" mama aliuliza ghafla, karibu kwa hasira. "Mutu alisema, sauti ikaingia. Kitu haitoke tu bila kuenda pahali. Sasa iko wapi?"

Charline alikuwa na jibu la vitabu: simu za siku hizi hufungia kila kitu kwa ufunguo, na ufunguo ukifutwa hakuna anayerudi humo. Alikuwa amelikariri kwa mtihani. Lakini hakuwa na uwezo wa kulisimamia mbele ya mzazi, kulionyesha hatua kwa hatua, mpaka hata Charline mwenyewe akubali kwamba sauti ile haipo.

"Sijui, mama," alisema. "Ile njo niko naenda kusomea."

Mama Marcelline akaichukua simu, akaifunga tena ndani ya kitenge, akamrudishia kwa mikono yote miwili.

"Basi soma mbio," alisema. "Ukijua, hata kama ni mubaya, kuja uniambie miye wa kwanza."