Taulo Bichi

Wapo waume wanaoomba wake zao wapunguze maneno. Bwana Ndiyo hakuomba hata siku moja, akapewa bure, na nusura apate wazimu.

Jina hilo la Bwana Ndiyo alibandikwa kiwandani, kwenye mikate, anakokanda unga na kuingiza tanurini. Tangu ahamie nchi hii, lugha ya wenyeji kuielewa aliielewa, tena vizuri tu. Tabu ilikuwa kuitoa. Kila akifungua mdomo wenzake walicheka lafudhi yake, basi akaamua kubaki na neno moja wasilolicheka. Unga umetosha? Ndiyo. Wewe ndiye uliyemfungia paka stoo? Ndiyo, na paka mwenyewe hata hamjui. Yeye wala hakujali. Mtu akitoka kazini ana kwake, na kwake kulikuwa na mke mwenye mdomo.

Na mdomo wenyewe si wa mchezo. Yule mama alikuwa dobi wa hoteli, na jinsi anavyopanga mashuka ndivyo alivyopanga maneno. Akianza kumsema mumewe anaanza na kosa la leo, anashuka mpaka la juzi, anapitia kwa mama mkwe, kisha anarudi na ushahidi. Fundi viatu wa chumba cha chini, mtu wa kwao, alikuwa anazima redio ili asikilize vizuri. Bwana Ndiyo alipewa vidonge vyake huku anakunywa chai, na moyoni alijua yuko nyumbani.

Sasa hotelini ikatokea nafasi ya mapokezi. Mikono ya mama ilishachunika kwa sabuni, na mvuke wa kule chini ulishamchosha, akasema naye anataka kazi yenye dirisha. Meneja akamwambia ajaribu, atahojiwa, ila arekebishe matamshi, maana akisema neno moja tu wageni wataanza kuuliza yeye katoka wapi badala ya kuuliza lifti iko wapi. Mama akajikaza kisabuni, akaingia darasa la jioni. Mwalimu akawaambia wanafunzi wake waongee lugha ya wenyeji mpaka jikoni. Mama aliporudi nyumbani akala kiapo: mpaka usaili upite, lugha ya kwao marufuku humu ndani.

Bwana Ndiyo aliona ni utani. Akatoka kuoga, akatupa taulo bichi kitandani kama kawaida yake, akakaa kungoja. Mama akaingia, akaliona, akavuta pumzi. Kisha akaipandisha sauti puani kama kipaza sauti cha stesheni, akasema kwa lugha ya wenyeji, "Mume wangu mpendwa, ningeshukuru sana iwapo ungeliondoa taulo hili kwa wakati unaokufaa."

Maskini, mwanamume akangoja yaliyobaki, wala hayakuja.

Kesho yake akashuka kwa fundi viatu kumweleza.

"Kwa hiyo shemeji yangu siku hizi ana adabu," fundi akasema, misumari mdomoni. "Wewe ulitakaje?"

"Ananiongelesha kama mgeni wa hoteli. Mgeni huongeleshwa hivyo kwa sababu kesho anaondoka."

Fundi akatema msumari, akafikiri. "Mchokoze. Unguza sufuria, tuone hiyo adabu inafika wapi."

Akaiunguza, tena ile ya harusi. Mama akaitazama ilivyokuwa nyeusi tii, shingo ikamsimama mishipa, na Bwana Ndiyo akajiweka sawa kupokea. "Ninasikitika kukujulisha," mama akasema, "kwamba sufuria imepata hitilafu." Bwana Ndiyo akatia chumvi kwenye kopo la sukari. Mama akanywa chai, machozi yakamlengalenga, akameza. "Ladha hii ni ya kipekee," akasema, akaondoka zake kwenye kioo kufanya mazoezi ya kutabasamu.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Aliona mambo yanakoelekea: mkewe atapanda juu kwenye dirisha, atakuwa wa huku, na yeye atabaki na unga wake na neno lake moja, mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mbele ya tanuri akajikuta anaomba mkewe akosee usaili. Akaona haya, lakini dua alishaiomba.

Siku ya usaili alitoka kazini moja kwa moja kumsindikiza, unga masikioni na taulo la jasho shingoni. Mama akamtazama juu mpaka chini. Midomo ikamcheza, lakini alichosema ni, "Asante kwa kufika kwako." Akaingia kwa meneja. Mlango haukujifunga sawasawa, na Bwana Ndiyo akakaa kwenye benchi la nje akisikia kila kitu.

Meneja alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Akajifanya mgeni aliyekuta chumba kichafu. Mama akajibu kwa sauti ya stesheni, hakuna neno lililopinda. Meneja akajifanya mgeni aliyepoteza mzigo. Mama akajibu vilevile, kwa pole ileile.

"Mama," meneja akasema, "hakuna kosa hata moja. Lakini naona naongea na mashine ya simu, na mashine tunayo tayari. Weka pembeni ulivyofundishwa, uniambie jambo lako mwenyewe. Chochote. Kitu kinachokukera."

Bwana Ndiyo akasikia mkewe anaanza, "Ningependa..." akakwama. "Ninasikitika..." akakwama tena. Kiti kikalia. Alimjua mkewe, na alijua hicho kilikuwa kiti cha mtu anayetaka kuinuka aondoke.

Dua yake hiyo inajibiwa. Angekaa tu pale benchini, jioni ile angerudishiwa mke wake mzimamzima. Lakini kusikia mwanamke yule amekosa neno, yeye ambaye hajawahi kukosa, kulimuuma kuliko adabu yote ya mwezi mzima. Akainuka, akasukuma mlango, akaingia bila hodi, unga unadondoka kwenye zulia. Hakumtazama mtu. Akalivua taulo lake shingoni, bichi, linanuka hamira, akalitandaza taratibu kwenye kochi jeupe la meneja.

Mama akalitazama taulo. Akamtazama mume.

"Wewe!" akasema. Na yaliyofuata yakaja kwa lugha ya wenyeji, mbio, sauti ikashuka kutoka puani mpaka tumboni inakokaa siku zote. Alianza na kochi, akashuka kwenye taulo la kitandani, akaingia kwenye sufuria ya harusi na chumvi ya chai, akapitia kwa mama mkwe aliyemlea mtu bila kumwonyesha kamba ya kuanikia, akarudi na ushahidi. Lafudhi ya kwao ilijaa kila neno, na hakuna neno lililopotea. Bwana Ndiyo alisimama pale akasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa mke wake yuleyule, ila maneno ndiyo ya wenyeji.

Meneja alikuwa amejifuta macho mara kadhaa. "Bwana, haya yote ni kweli?" akauliza.

Angeweza kusema ndiyo akamaliza. "Kweli tupu," akasema kwa lugha ile, na lafudhi yake yote, "na sufuria niliiunguza kwa makusudi."

Meneja alicheka, lakini hakuicheka lafudhi. Kisha akamgeukia mama. "Hiyo sauti ya mwisho ndiyo naitaka mapokezi. Jumatatu uanze nayo."

Njiani mama alivuka barabara kwanza. Ndipo akasema kwa lugha ya kwao, polepole, kama anaijaribu ikiwa bado inamtosha, "Ulisikia nimekwama."

"Ndiyo."

"Na ulitaka nikwame."

Akainamisha kichwa. "Ndiyo. Nilidhani utaniacha huku chini."

Mama akamkung'uta unga sikioni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, wakaendelea kutembea.

Jioni ile Bwana Ndiyo alitoka kuoga akiwa mtu mwema. Akaenda dirishani, akalianika taulo kwenye kamba, akalinyoosha na pembe zake. Mama akaingia, akakitazama kitanda kikavu, akaitazama kamba. Akaenda akalianua, akalitupa katikati ya shuka, akashika kiuno.

"Hivi wewe mwanamume," akaanza kwa lugha ya kwao, na chini kule redio ikazimwa.