Paka wa Kumpenda Nurcan Peke Yake

Nurcan alikuwa na miezi minane ya ndoa mjini Van, na katika miezi yote hiyo hakuna hata mtu mmoja wa nyumba ile aliyewahi kumwita yeye kwanza. Mumewe Tahsin akirudi kazini, kabla hajavua viatu keshapaza sauti, "Dada Müzeyyen, umeshindaje?" Mama mkwe akipoteza miwani, anaitwa Müzeyyen. Jirani akileta jibini lililochanganywa na majani ya kunukia, ni la Müzeyyen. Huyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Tahsin, hajaolewa, na nyumba nzima ilikuwa kiganjani mwake. Nurcan, mgeni kutoka Adana, aliamka na wivu akalala na wivu.

Ndiyo maana alikwenda kununua paka.

Muuzaji, Bwana Şakir, alimweleza bila kumficha. "Wa Kiajemi, mama, huyo ni mto wa kochi. Ulipomwacha ndipo utakapomkuta, na mapaja ya yeyote yanamtosha. Wa Siam ana domo, atakusimulia habari kutwa nzima. Lakini huyu wetu wa hapa Van ana kiburi cha bibi harusi. Anachagua mtu mmoja tu ndani ya nyumba. Akishachagua, nyie wengine wote kwake ni viti."

"Nipe huyo," Nurcan alisema, hata kabla muuzaji hajamaliza.

Walikuwepo wawili, weupe pepepe. Mmoja alikuwa na jicho la buluu na jicho la njano. Wa pili yote mawili buluu, na machoni pa Nurcan huyo ndiye aliyekuwa mzuri.

"Huyo wa buluu tupu ana mambo yake, mama," Bwana Şakir alianza.

"Hata mimi ninayo yangu." Akamkata kauli, akambeba.

Akampa jina Paşa. Akamlisha kwa mkono, akamchana manyoya, akapiga marufuku mtu mwingine kumgusa, kisha akasubiri kuchaguliwa. Wiki ya tatu Paşa akachagua. Akamchagua Müzeyyen.

Haikuwa siri hata kidogo. Nurcan akiita kwa sauti ya asali, "Paşa, mwanangu, njoo kwa mama," paka hatikisi hata sikio. Müzeyyen akipita na visigino vyake vya kishindo juu ya sakafu ya mbao, mwanamke asiyejua kutembea taratibu, Paşa anachomoka chini ya kitanda mbio kumfuata. Wifi akifua, paka yumo ndani ya beseni, maana paka wa Van na maji ni marafiki. Wageni wakija, Nurcan hujaribu tena mbele yao, anaita na kuita, na Müzeyyen hutabasamu juu ya kikombe chake. "Mwache, wifi, paka anajua pa kulala." Wageni hucheka. Nurcan naye hucheka, na roho inamwuma. Alimchukia wifi yake. Kuna siku alimchukia na paka.

Jumapili moja, mwezi wa tatu tangu paka aje, wote wanne wakiwa kwenye kifungua kinywa, Paşa amejilaza juu ya miguu ya Müzeyyen, Tahsin akatania, "Hata paka kamjua mwenye nyumba!"

Nurcan akaweka kikombe chini. "Leo namrudisha kwa Bwana Şakir. Nachukua wa Kiajemi."

"Humrudishi," alisema Müzeyyen, na uso umembadilika.

"Nimemnunua mimi."

"Humrudishi, nakwambia! Nani atamchukua paka kiziwi?"

Neno lilikuwa limeshamtoka. Nurcan akanyakua sinia na kijiko, akaligonga kwa kijiko nyuma ya paka kwa nguvu zake zote. Mama mkwe akaziba masikio. Paşa akaendelea kujilamba mguu.

"Umejua lini?"

"Wiki ya pili. Kila mtu wa Van anajua, hawa wa buluu mbili wengi wao hawasikii. Nikapiga kisigino chini, akaja. Anasikia kwa miguu."

"Miezi mitatu! Miezi mitatu unaniacha naita kama kichaa mbele za watu, na wewe unacheka! Una moyo wewe?"

Tahsin akafumbua mdomo. Mama yake akamfinya paja, akaufumba.

Müzeyyen alikuwa anatazama kitambaa cha meza. "Kabla hujaja, chai ya jioni huyu mdogo wangu alikuwa anakunywa na mimi. Kila siku. Sasa ananisalimia pale mlangoni, neno moja, halafu mnaingia chumbani kwenu mnafunga. Unadhani mimi nakaa na nani? Nikasema angalau huyu paka. Huyu mmoja tu asiwe wako."

Nurcan hakuwahi kufikiri kwamba mlango ule, ambao kwake ulikuwa kimbilio, ulikuwa unamfungia mtu nje. Huruma ilimjia, ya kweli kabisa. Lakini wivu ulikuwa umeshakaa humo siku nyingi na haukutaka kumpisha mtu.

Akasimama, akarudi nyuma hadi dirishani, akapiga kisigino sakafuni.

Paşa akainua kichwa. Akashuka kutoka miguuni pa Müzeyyen, akaja hatua tatu, nne, mkia juu, kisha akasita katikati ya chumba na kugeuka kumtazama aliyemwacha.

Müzeyyen alikuwa ameinua mguu. Kisigino kilikuwa hewani, tayari, lakini hakukishusha. Alikishikilia hivyo hivyo, machozi yakimshuka, akimtazama Nurcan na si paka.

Nurcan aliona yote hayo na aliyaelewa yote. Akapiga kisigino tena, kwa nguvu zaidi.