Neno Alilopewa Mama Musyimi

Ieleweke kwamba Musyimi hakukusudia kumwangamiza mama yake. Alikusudia kucheka kidogo tu jikoni, kisha amwambie ukweli kabla ya Jumapili. Jumamosi kukawa na mpira Migwani, na ukweli ukabaki nje ya uwanja.

Mama yake, Kavata, mjane, alikuwa amechaguliwa kumkaribisha mchungaji mpya kwa niaba ya wanawake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia ndengu.

"Wewe uko bweni, unakula Kiswahili na maharagwe," alimwambia mwanawe. "Nipe neno moja nzito. Furaha wamelichosha."

"Ashiki, Mwaitu," akasema Musyimi, akimwita mama kwa Kikamba, uso umenyooka kama wa shemasi.

"Ndiyo nini?"

"Bidii ya kiroho. Si unasikia lenyewe? Washirika wenye ashiki!"

Kavata akalikariri akipepeta mahindi.

Jumapili alisimama mbele, sauti imejaa. "Mchungaji, sisi wanawake, na zaidi mimi mjane, tangu tusikie unakuja tumejaa ashiki juu yako. Hata usingizi hatupati!"

Mwalimu Nthiwa, wa Kiswahili, alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Vijana wakaanguka kutoka benchini kwa kicheko. Mchungaji akaangalia paa, akaliangalia sana. Kavata, akidhani amina imechelewa njiani, akatabasamu. "Bwana asifiwe?"

Hakuna aliyeitikia.

Musyimi, aliyetunza kicheko wiki nzima, akainama kufunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa.

Jioni Kasiva, mwenyekiti wa wanawake, alifika nyumbani na mwenzake. Kavata akawawekea chai.

"Mama Musyimi, tumeonelea upumzike kidogo kuongoza maombi."

"Kwa neno moja?"

"Si neno. Ni maana yake. Na wewe huna mume, watu wanaongea."

"Maana yake ni nini basi?"

Kasiva akachunguza kikombe. Mwenzake akachunguza kuku. Kutaja jambo kama hilo mbele ya kijana wa watu hakukuwezekana.

"Muulize huyu," Kasiva akasema hatimaye. "Si yeye ndiye amesoma."

Kavata akageuka. Macho yake hayakuwa na shaka yoyote juu ya mwanawe. Hapo ndipo Musyimi alipotamani ardhi imfungulie mlango.

"Ni hamu ya mwili, Mwaitu. Ile ya... mwanamume na mwanamke."

"Na ulijua lini?"

"Kidato cha pili."

Kavata akashusha kikombe chake mezani.

"Kumbe ni wewe!" Kasiva aliruka. "Mama Musyimi, mambo yameisha! Jumapili ijayo huyu shetani mdogo atasimama mbele aseme."

"Nitasema," Musyimi akasema haraka. "Hata leo nitasema."

"Hutasema," mama yake akajibu, bila hasira, na heri angepiga kelele. "Watasema nimekupanga unitetee. Kasiva, wewe mwenyewe, kama hungekuwa umekaa hapa, ungeamini?"

Kasiva akarudi kukichunguza kikombe.

Kavata akavua kitambaa cha bluu cha viongozi, akakikunja taratibu, akamwekea mapajani yule mwanamke aliyekuja na Kasiva.

"Kunyweni chai," akasema. "Inapoa."

Musyimi alichukua birika bila kutumwa, akawaongezea. Kikombe kikajaa, chai ikamwagika mezani, na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia aangalie.