Samaki wa Kiangazi

Asubuhi ile sikuweza kutulia kwenye kiti. Kila kitivo cha chuo chetu hapa Butembo kilikuwa kimeleta watafiti wake katika ukumbi mmoja, walimu na wanafunzi wamechanganyika, na mimi nilikuwa nimetoka nje mara nyingi hata mlinzi wa lango akaniuliza kama naumwa tumbo. Nilimjibu vibaya. Siku hiyo nilikuwa namjibu kila mtu vibaya.

Ndani, mwalimu wa udaktari alieleza kwa nini akina mama wa milimani wanakimbia chanjo. Akafuata Précieux, rafiki yangu wa sheria, kuzungumzia magomvi ya mipaka ya mashamba huko Kasugho, na alivyojiamini, ungedhani mipaka yenyewe kaichora yeye. Nilimpigia makofi bila kusikia hata neno moja. Macho yangu yalikuwa langoni.

Mimi nasoma biolojia. Nilitaka kujua tilapia wa ziwani, kule Kyavinyonge, wanakula nini msimu wa mvua na wanakula nini kiangazi, na njia ya kujua ni moja tu: kuwapasua tumbo na kutazama kilichomo kwa hadubini. Ya msimu wa mvua nilikuwa nimeyamaliza. Ya kiangazi bado. Profesa Paulin, msimamizi wangu, alinieleza wazi kwamba tutawapasua pamoja kabla ya zamu yangu ya kuzungumza, aone kwa macho yake ndipo atie sahihi kazi yangu. Kesho yake alikuwa anashuka Beni kupanda ndege pale Mavivi, na huko aendako atakaa mwaka mzima. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kukusanyika. Kiangazi kikinipita, mwaka wangu wa mwisho ungekwenda na maji.

Kwa nini sikwenda ziwani mwenyewe? Mama yangu. Anakaa Beni, na tangu mjomba Vagheni aende shambani upande wa Mavivi asirudi, hunipigia simu kila asubuhi kabla hajawasha moto. Barabara ya ziwani inakata mbuga, na wiki hiyo watu wenye bunduki walikuwa wamechoma magari huko. "Ukitia muguu mu ile barabara, usiniite tena mama," aliniambia, akakata simu.

Basi nikampigia Mama Séphora, mchuuzi wa samaki wa Kyavinyonge. Akija Butembo kuuza hushukia kanisani kwetu, na tunaimba naye kwaya moja. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, nami nikapaza sauti: "Mama, unitumie tilapia mbichi, za muzuri. Ni ba professeur batazitazama." Akaitikia. Niliridhika, nikarudi kupanga picha zangu. Nilijua atamkabidhi dereva fulani, kama samaki wanavyosafiri siku zote.

Kabla ya adhuhuri pikipiki ikaingia. Aliyeshuka alikuwa Mama Séphora mwenyewe, kitenge chake chekundu kwa vumbi, beseni kalikumbatia kama mtoto.

"Wasingya, mama," nikamshukuru kwa Kinande, nikamvuta mkono hadi maabara. Profesa Paulin alikuwa ameshavaa glavu. Mama akafunua kitambaa taratibu, akitutazama sisi badala ya beseni.

Walikuwa samaki wazuri ajabu. Magamba hakuna, matumbo yamepasuliwa na kuoshwa, ndani wamepakwa chumvi na limau, wamepangwa kwa duara juu ya majani ya mgomba.

"Matumbo iko wapi?" nikauliza.

"Matumbo?" Mama Séphora akacheka. "Si nilitupia ndege kule pembeni ya ziwa. Ulisema zinaenda mbele ya ba professeur. Samaki ya mugeni haifike na uchafu mu tumbo, mutoto yangu. Bangesema kwetu habakukufundisha."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Sikuwa nimetaja matumbo hata mara moja, lakini hasira haina muda wa kukumbuka hayo.

"Mama, umeniua," nikasema.

Akaacha kucheka. Profesa alivua glavu, akaenda dirishani kutazama mawingu, akarudi.

"Bénite, avion ya Mavivi naweza kuisogeza siku mbili," alisema. "Hapana zaidi. Lakini samaki zifike nzima."

"Zifike nzima?" Mama Séphora alikuwa ameshaanza kukaza kitenge chake. "Donc narudi. Motard yangu angali pale inje na pikipiki yake. Kesho mangaribi ziko hapa, na matumbo yake yote."

Siku mbili zilitosha. Asante ilikuwa imefika mdomoni, na sijui ni nini kilichonifanya niulize kwanza:

"Mama, juu ya nini haukupa dereva?"

"Dereva gani? Magari yote ilikatala. Tulipita na pikipiki. Mu parc tukasikia masasi ya bunduki, tukalala mu majani, miye na motard. Nilifunika beseni na kifua. Nikasema, Mungu, hizi ni za batu bakubwa, zisimwangike."

Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia mvua iliyomkuta njiani, huku akitafuta viatu vyake mlangoni. Nilikuwa na mama wa kunikataza ile barabara. Huyu nilimtuma mimi, kwa simu, nimekaa mezani, wala sikumuuliza atapita wapi. Alipofika mzima nikamwambia ameniua. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Hapana, mama," nikasema. "Hautarudi. Utakaa kwetu mupaka barabara itulie."

"Na masomo yako?"

"Itangoja."

"Ni siku mbili tu, Bénite," Profesa Paulin alinikumbusha, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikilizwa.

"Najua, Prof."

Niliumia. Sitasema niliona amani, kwa sababu sikuiona. Nilinawa mikono, nikamshika Mama Séphora asije akabadili mawazo, nikamketisha mstari wa mbele pembeni ya Précieux. Jina langu likaitwa. Nilionyesha picha za msimu wa mvua, moja moja, na Mama akazipigia makofi zote. Kisha nikafika kwenye ukurasa mtupu.

"Ya kiangazi sina," nikasema.

Mwalimu mmoja wa uchumi akainua mkono. Alitaka kujua kwa nini mtafiti aje na nusu ya kazi.

"Barabara ya ziwani," nikajibu.

Akashusha mkono. Ukumbi mzima, kuanzia udaktari hadi sheria, hakuna aliyeuliza swali la pili.