Joto la Chumba cha Pasi

Sisi wapiga pasi tuna majivuno ya kijinga. Anayelalamika joto tunamwambia akauze barafu, na anayeacha shuka katikati ili akanywe maji huchekwa hadi jioni. Ndiyo maana siku ile wifi yangu, na mimba yake ya miezi saba, alikuwa amesimama mezani tangu asubuhi bila kugusa hata tone la maji.

Mwaka huu joto limepita kiasi. Bati juu, boila ya makaa ukutani, pasi mkononi. Nilimtupia jicho nikaona uso wake mkavu, wakati sisi wengine tulikuwa tumelowa chapachapa. Shuka ikiacha kufuka mvuke chini ya pasi, ujue inaanza kuungua. Moyo ulinilipuka.

"Wifi, jasho lako liko wapi?"

"Nimekugawia wewe, si unapenda vya bure," akacheka, kisha akadondoka kando ya meza.

Tulimlaza sakafuni, tukamfunika shuka mbichi za wateja, tukampepea. Namwita, haitikii. Nikaweka sikio tumboni mwake, nikasikia mapigo ya moyo wangu tu. Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa vile.

Alizindukia zahanati. Mkunga alimpima mara mbili, akatutazama sote wawili. "Safari hii mtoto yupo. Mkimrudisha kwenye joto lile, msije kunililia."

Lakini angekwenda wapi? Jumatatu alirudi mezani.

Wiki hiyohiyo maofisa wa serikali wakaja ukumbi wa mtaa wetu kusikia maoni ya wananchi kuhusu sheria ya tabianchi: boila za makaa ziondolewe, serikali isaidie kununua za umeme, na joto likizidi kiwango kazi isimame bila mtu kukatwa mshahara. Kama wananchi wasingeiunga mkono, ingerudi kabatini. Tajiri wetu alikaa mstari wa mbele, kiti amekigeuza atuone vizuri. Asubuhi alikuwa ametuambia kwamba sheria ikipita, anafunga chumba cha pasi.

"Anayeunga mkono anyooshe mkono," akasema karani wao.

Nilinyoosha wangu. Wifi akanivuta gauni.

"Shusha, wifi. Tutakula nini?"

"Na huyo tumboni je?"

"Ni huyu mmoja tu?" karani akauliza.

Nikageuka. Wenzangu wote walikuwa wanakagua viatu vyao.

"Jamani, si mlikuwepo tukimpepea? Leo yeye, mwakani joto likizidi itakuwa zamu ya nani? Mnaogopa kufungiwa kazi, na mimi naogopa! Lakini nusu shari kuliko shari kamili. Serikali itatusaidiaje kama tumeficha mikono?"

Tajiri alinitazama tu, na ule utulivu wake ulinitisha kuliko kama angenifokea. Nilijua kazi yangu imekwisha.

Karani alianza kukusanya karatasi zake, kisha akasita. Alikuwa anamkodolea macho wifi. Mkono wa wifi ulikuwa umefika usawa wa sikio, ukakwama hapo.

"Huo ni mkono, mama, au unajikuna?"

Wifi alimtazama tajiri.

"Ni mkono," akasema.