Bariamu Mlangoni

Mashine ilikuwa ifunguliwe nati zote mchana huo, chumba wapewe watu wengine, na kazi ya miaka ya Mbishi iishie kwenye maboksi. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa ameshasema, na Profesa akisema hurudii kuuliza. Hata hilo jina la Mbishi ni yeye aliyempa, siku ya kwanza tu, walipobishana kuhusu pampu. Basi leo binti alikuja na ubishi wake wote. Mashine ing'olewe hivi hivi? Thubutu!

Alikuwa bado kwenye ngazi za nje, anapekua funguo mkobani, simu ikalia. Mama yake.

"Umeshaingia kazini?"

"Nimeingia, mama."

"Haya. Usisahau kula."

Ndani, fundi wa maabara, mzee wa utani usioisha, alikuwa ameshawasha pampu. Kazi yao ni rahisi kuieleza kuliko kuifanya. Gesi ya argoni inapulizwa kupitia kitundu kidogo mno, ndani ya bomba lisilo na hewa. Inapoa ghafla, atomu zake zinashikana vichala vichala kama zabibu. Vichala vinapita kwenye mvuke wa bariamu, na kila kimoja kinadaka atomu ya metali hiyo. Kisha unamulika kwa leza. Ukiipata rangi ambayo bariamu inaipenda, inaimeza na kung'aa, na rangi hiyo inakwambia atomu imekaa wapi. Ikizama katikati ya argoni inabanwa kila upande, na rangi yake inahama mbali. Huko mbali ndiko Mbishi alikotafuta tangu aanze, asiambulie kitu.

"Bariamu imeingia," fundi akasema, anapangusa mikono. Ndivyo walivyozoea pale: ikidakwa, imeingia. "Imeingia vizuri tu, binti yangu. Ila haitaki kuonekana. Labda na yenyewe inamwogopa Profesa."

Mbishi hakucheka. Neno lile moja lilimganda kichwani. Imeingia? Si na yeye alikuwa "ameingia" sasa hivi, kasimama ngazini na funguo hazionekani?

"Mzee wangu, nani alituambia imeingia?"

"Si tunasema tu."

"Ndiyo hivyo! Tunasema tu! Kama iko mlangoni je? Kama imenata nje ya kichala, inabanwa upande mmoja?"

Fundi akaacha kupangusa mikono. "Basi rangi yake haijahama sana. Iko jirani na ya bariamu iliyo huru, isiyodakwa. Huko hatujawahi hata kuchungulia."

"Tulikimbia mng'ao wa zile huru, usije ukatufunika. Lo, wajinga sisi!"

Hasira zilimpanda, za kujikasirikia mwenyewe, na kwa hasira hizo hizo akaanza kuisogeza leza, rangi baada ya rangi, bila kukaa kitini. Kwenye skrini, katika mchoro wa mng'ao, ikachomoza sindano nyembamba ya bariamu huru. Akaipita kidogo. Pembeni yake, taratibu, kikainuka kilima kipana.

Mlango ukafunguliwa. Profesa, na nyuma yake wabebaji wawili wenye maboksi na spana.

"Muda umekwisha, Mbishi."

"Tazama kwanza, Profesa."

"Hiyo ni bariamu huru. Kila mtu anaijua."

"Sindano ndiyo huru. Na kilima je?"

"Uchafu wa leza."

"Sawa. Mzee, funga argoni."

Fundi akafunga. Kilima kikanywea mpaka kikalala chini kabisa. Sindano ikabaki peke yake. Vichala havipo, kilima hakipo.

"Fungua."

Kikapanda tena.

Profesa akaenda mwenyewe kwenye koki, akafunga, akatazama, akafungua, akatazama. Akarudia. Halafu akawageukia wabebaji. "Rudini na maboksi yenu. Chumba kina mwenyewe."

Mbishi akakaa kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, machozi yakamtoka, wala hakujali nani anamwona. Fundi akajifanya ana shughuli na pampu.

Simu ikalia.

"Mama," akasema, anafuta pua, "asubuhi nilikudanganya. Nilikuwa bado mlangoni."

"Najua. Nilisikia pikipiki. Aliye ndani hasikiki hivyo." Mama akacheka. "Umekula?"

Ulimi ulishajiandaa kusema amekula. Akakitazama chakula alichotoka nacho nyumbani, kipo mezani, hata kifuniko hakijaguswa.

"Bado, mama," akasema.