Zulia la Chama

Mume wangu Simiyu ana moyo mzuri, na asubuhi ile ya Februari mwaka 2007 moyo huo mzuri nusura umuue jirani yetu.

Alikuwa amefika Columbia, huku Marekani, mwezi wa Septemba kutoka Bungoma, na ile ndiyo ilikuwa baridi yake ya kwanza. Tangu Jumanne ilinyesha mvua ya chembe za barafu, na usiku wa kuamkia Alhamisi zote zikagandamana, zikawa tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Sepetu ukiipiga inakurudia. Simiyu akaangalia njia ya jirani yetu Mama Cheryl, akaangalia sufuria kubwa ya chama chetu cha kusaidiana iliyokuwa jikoni kwetu tangu Jumapili, akafanya lile ambalo mtu yeyote wa Bungoma angelifanya. Akachemsha maji akaenda kuyamwaga.

Nilipotoka kuoga nilimkuta mlangoni anatabasamu. Nje mvuke ulikuwa bado unapaa.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimeyeyusha barafu ya Mama Cheryl," akasema.

Kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, maji yale yalikuwa yameshaganda upya, safari hii bila chembe wala mkwaruzo. Kuanzia kizingiti cha Mama Cheryl hadi nusu ya mteremko wa kupandia barabarani palikuwa laini kama kioo cha kabati. Barafu ya kwanza ungeweza angalau kuikanyaga kwa adabu. Hii ya Simiyu hata paka wa jirani aliitazama akarudi ndani.

Sikumpigia kelele. Nilimtazama tu, na wanaonifahamu wanajua kwamba hiyo ni mbaya zaidi.

Mama Cheryl ni Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu. Alijifunza Kiswahili kwenye madarasa ya jioni mjini Washington wakati mimi sijazaliwa, na Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Alipotusikia tukigombana kwa Kiswahili kwenye maegesho mwaka tuliohamia, mimi na dada yangu, alitusalimia kwa Kiswahili hichohicho, na tangu siku hiyo sikugombana tena hadharani. Chama chetu kilipoanza alijiunga siku ya kwanza. Ila figo zake zimekufa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima aende kliniki mashine imsafishe damu, na Jumanne hiyo hakwenda, kwa sababu hakuna gari lililotembea.

Kazi yangu ni kutunza wagonjwa na wazee, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Jumatano jioni nilimkuta amelala kwenye kiti, kwa sababu akilala kitandani pumzi inambana. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba. Nilibonyeza kidole na shimo likabaki. Maji yalikuwa yanamjaa, na yakifika kwenye mapafu hakuna wa kuyaondoa isipokuwa ile mashine. Kliniki ilipiga simu kwamba ina nafasi yake akifika kabla ya saa sita mchana. Gari lao lingekuja, lakini lingeishia barabara kuu tu, juu ya mteremko. Dereva alikuwa amekatazwa kuteremka kwenye mteremko wetu, na kusema kweli, mimi pia ningemkataza. Gari la dharura lilikuwa kwenye ajali za barabarani, wakatuambia litakuja likipata nafasi.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja: kumfikisha Mama Cheryl juu ya mteremko, na nyonga yake ile iliyowekwa chuma, bila kuanguka.

Nilipanda kwanza hadi kwenye sanduku la njano la chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, lililowekwa kwa ajili ya wakazi wote. Nilipanda kwa magoti, nimeshika vichaka. Sanduku lilikuwa tupu. Watu walikuja na ndoo zao mapema, kila mtu akajali mlango wake. Nikainamia lile sanduku nikatukana kwa Kikuyu, lugha ambayo siku hizi nimeiwekea akiba kazi hiyo.

Nikiwa pale juu nikamwona Mutai anatoka kwake. Mutai ni Mkalenjin mrefu anayeendesha teksi uwanja wa ndege, na ndiye msimamizi wa nyama choma katika chama. Akatazama kioo cha Simiyu, akatikisa kichwa.

"Mimi nitambeba," akasema. "Mama ni mwepesi."

"Hubebi mtu," nikamwambia. "Mkislip mnaanguka wote wawili, na wewe ndiye utakayemwangukia. Nimeona nyonga zikivunjwa na watu wenye nguvu."

"Sasa tufanye nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka zulia.

Chama chetu kina mali yake: sufuria, viti, mahema, pipa lililopasuliwa la kuchomea nyama, gunia la chumvi ya mawe ya kutilia mbuzi choma, na zulia jekundu refu la kutandika maharusi wanapoingia kanisani. Vyote hivyo hukaa chini ya nyumba ya mwenyekiti wetu, Dada Dorothea, na ufunguo hukaa shingoni kwake pamoja na rozari. Dorothea ni mtu wa Bukoba. Ana heshima, ana sauti ya taratibu, na ukimpelekea sufuria yenye doa anakurudishia bila neno. Kila tukikutana alikuwa akiwasema wanaume kuhusu lile pipa, kwamba tangu Mwaka Mpya limejaa majivu na hakuna aliyeyamwaga. Mutai alikuwa akijibu kila mara kwamba atayamwaga wiki hii.

Tukamgongea. Alitoka amevaa koti juu ya kitenge, akasikiliza hadi mwisho.

"Chumvi chukueni, hiyo ni ya kutumika," akasema. "Zulia, hapana."

"Dada Dorothea, mama anakufa."

"Nimekusikia, Wairimu. Keshokutwa zulia hilo linatandikwa kwa bibi arusi. Na hata kusingekuwa na arusi, mali ya chama haitoki bila kikao. Tulipitisha wenyewe. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono wa kwanza, baada ya wale waliochukua hema wakalirudisha na tundu."

Ni kweli nilinyoosha. Hasira ilinipanda hadi masikioni, na ilinipanda zaidi kwa sababu alikuwa na haki. Lakini mimi sikulelewa kulia nikigongana na ukuta. Nilitafuta mlango.

"Basi tufanye kikao," nikasema.

"Lini?"

"Sasa. Hapa."

Nilidhani Dorothea atakasirika. Badala yake akafunga vifungo vya koti. "Akidi ni wanachama wanne," akasema, "waliohudhuria kwa mwili, siyo kwa simu. Mimi, wewe, Mutai. Nani wa nne?"

"Niko mimi," akasema Simiyu, aliyekuwa amekuja nyuma yetu na sepetu.

"Wewe uko probation," Mutai akamwambia. "Hata miezi sita hujamaliza."

Wengine wote walikuwa mbali, miji ya Laurel na Silver Spring, na barabara ndiyo hiyo. Kisha nikashuka, nikiketi na kujisukuma kwa mikono kama mtoto anayejifunza kutambaa, hadi chini ya dirisha la Mama Cheryl, nikaligonga.

Alifungua kidogo. Uso wake ulikuwa wa kijivu na umevimba chini ya macho.

"Shikamoo, Mama Cheryl."

"Marahaba, mwanangu." Akapumua. "Nimewaona tangu asubuhi. Acheni. Sitaki kuwasumbua. Rudini ndani mpate joto."

"Hatujaja kukusaidia," nikasema. "Kuna kikao cha chama na tumekosa akidi. Wewe ni mwanachama. Unakuja au hatuna kikao?"

Nilimwona akitafuta njia ya kukataa, na akiikosa, kwa sababu katika miaka yote ile Mama Cheryl hakuwahi kukosa kikao.

"Nipo," akasema. "Lakini siwezi kupiga kura katika jambo linalonihusu."

Dorothea alikuwa ameshuka hadi katikati, akishikiliwa na Mutai. "Kuhudhuria ni jambo moja, kura ni jambo jingine," akasema kwa sauti ya kufika dirishani. "Unahesabiwa. Akidi imetimia. Tusali."

Tukasali. Sijawahi kusali nikiwa nimekalia barafu, na ninakiri kwamba nilifungua jicho moja kuangalia kama gari limefika. Kisha Dorothea akauliza hoja ni ipi, nami nikaitoa: zulia litandikwe juu ya majivu na chumvi, kutoka mlango wa Mama Cheryl hadi barabarani, majivu yashike barafu na zulia lishike miguu. Majivu peke yake yasingetosha, maana fremu yake ya kutembelea ina magurudumu mbele. Zulia peke yake lingeteleza likaenda naye.

"Nani anaunga mkono?"

Hapo sote tukamtazama Mutai. Bibi arusi wa Jumamosi alikuwa binti wa marehemu dada yake. Mutai ndiye aliyemlea. Msichana aliomba kitu kimoja tu katika arusi yote, atembee kwenye zulia jekundu, na Mutai alimwahidi mbele yetu. Zulia likishalala kwenye majivu, bibi arusi hataliona tena jekundu.

Mutai alikuna kidevu. Alitazama dirishani, Mama Cheryl akainamisha macho.

"Majivu yako wapi, Mwenyekiti?" akauliza.

"Pale ulipoyaacha," akasema Dorothea.

"Basi nayaleta. Naunga mkono."

Dorothea akavua ufunguo shingoni.

Tulifanya kazi kama watu waliokodiwa. Mutai na Simiyu walileta pipa wakiliburuta, na Simiyu ndiye aliyeyamwaga majivu, kwa mikono, akiwa amepiga magoti juu ya kosa lake mwenyewe. Mwenyekiti wetu, ambaye hapendi doa, alikuwa akinyunyiza chumvi ya mbuzi huku koti lake likigeuka kijivu. Mimi nilikanyagakanyaga kupima. Palipoteleza nikadai majivu zaidi. Wakanipa. Kisha tukalikunjua zulia kutoka juu kushuka, jekundu juu ya weupe wote ule, na majirani Wamarekani wakaanza kuchungulia madirishani. Mmoja akatoka na ndoo ya chumvi ya lile sanduku la njano, iliyojaa, akaimwaga kando ya zulia bila kunitazama usoni. Nilimshukuru. Yale ya sandukuni nikayaacha yapite.

Tulimtoa Mama Cheryl. Nilimfunga kiunoni mkanda wangu wa kazi, ule wa kushikia wagonjwa, nikamshika kwa nyuma, Mutai mbele akitembea kinyumenyume. Alikwenda hatua kwa hatua na kusimama kuvuta pumzi. Katikati ya mteremko, pale penye kioo cha Simiyu, fremu ilisita na mguu wake ukatetemeka. Nilihisi uzito wake wote ukinijia. Zulia halikusogea. Likashika, naye akashika, tukaendelea.

Gari lilikuwa linangoja. Dereva alishuka akafungua mlango, akatutazama tulivyo, wa kijivu kwa majivu, akapokea fremu. Mama Cheryl alipokwisha kuketi, Dorothea akaingiza kichwa.

"Mama Cheryl, kikao hakijafungwa," akasema. "Sala ya kufunga ni yako. Tutakungoja."

"Dorothea, mtanisubiri mchana kutwa?"

"Katiba haisemi kikao kiwe kifupi."

Mlango ukafungwa, gari likaondoka polepole.

Nilidhani yale ni maneno tu ya kumtia moyo. Dorothea hakuwa na maneno ya namna hiyo. Alikuja sebuleni kwetu, akaketi na koti lake la kijivu, akakataa kwenda nyumbani, akisema kwamba mwenyekiti haondoki kikao kikiwa wazi. Nilipika chai. Mutai alipigia simu ofisini kwake akasema yuko kwenye mkutano. Simiyu aliosha ile sufuria kubwa mpaka ikang'aa, akaikausha, akaiweka mlangoni mahali ambapo kila mtu ataiona. Kila gari lilipopita barabarani tulinyanyua vichwa.

Jua lilikuwa limeshaelekea nyuma ya paa za nyumba liliporudi gari tulilolitaka. Mama Cheryl alishuka akiwa amechoka, ila uso umerudi kuwa wake, na pumzi inaingia na kutoka bila kumdai. Tukamshusha kwenye zulia hadi mlangoni kwake. Dorothea akainama akashika ncha ya zulia ili alikunje. Halikunyanyuka. Lilikuwa limeganda na majivu, na chumvi, na njia yenyewe. Akavuta tena, kisha akasimama, akamgeukia Mutai.

"Liacheni hapo," akasema Mutai. "Jumamosi asubuhi Mama anaenda kliniki tena. Bibi arusi ana miguu mizima, atatembea kwa sakafu."

Mama Cheryl aliegemea fremu yake. Tukavua kofia.

"Mungu wetu," akasema, na sauti yake ya darasani ikakatika, akaianza upya. "Asante kwa majivu ambayo wanaume hawa walikataa kumwaga. Asante kwa binti ambaye hajui bado alichonipa. Asubuhi ya leo nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitakwenda tena, wala leo wala Jumamosi. Nilikuwa nimechoka, na sikumwambia mtu. Kisha ukagonga dirisha, ukasema kwamba akidi haijatimia. Amina."

Nilikuwa nimemshika mkono. Sikuuachia.

"Amina," akasema Dorothea. Alifuta macho kwa kiganja chenye majivu, akajipaka uso mzima. "Kikao kimefungwa."